Ngazi Iliyokuwa Kiseke

Ngazi ya ofisi yetu ilihamia Kiseke mwanzoni mwa mwezi wa tatu. Meneja Luhaga alikuwa anapaka rangi nyumba yake mpya huko, akaiomba kwa siku mbili. Kuomba ni namna ya kusema tu. Alimwambia dereva aipakie, dereva akaipakia, na sisi tukasimama dirishani tukiitazama inavyotoka getini, miguu yake ikining'inia nyuma ya pikapu.

Siku mbili zikawa wiki mbili. Zikawa miezi.

"Ngazi yetu imeolewa," alisema Selina wa mapokezi.

"Imeshazaa huko," alijibu Mzee Okomo, mhudumu wetu, akipita na birika la chai. "Msishangae ikirudi na watoto."

Tulicheka. Tulicheka sana, na hakuna aliyekwenda kumwambia meneja airudishe. Unamwambiaje? Ugonge mlango wa mtu aliyekuzidi umri na cheo, usimame mbele ya meza yake, umwambie naomba urudishe ulichochukua? Ofisini kwetu hiyo ingekuwa sawa na kumwita mwizi. Kila mmoja alimsubiri mwenzake. Meneja naye, naamini hivyo mpaka leo, alikuwa amesahau tu.

Lakini mimi ndiye niliyepaswa kusema. Kwa wengine ilikuwa hiari, kwangu ilikuwa kazi.

Nilikuwa karani wa masjala katika kampuni ya kusafirisha minofu ya samaki, pale Kirumba, ghorofa ya pili. Januari walinipeleka mafunzo ya siku mbili ya usalama kazini. Nilirudi na cheti, bahasha ya mabango na fulana ya njano inayong'aa ambayo sikuwahi kuivaa. Wiki ya kwanza niliwasumbua wote. Niliondoa mtungi wa kuzimia moto mlangoni, maana tulikuwa tunauzuilia mlango usijifunge. Nilihamisha maboksi yaliyoziba mlango wa dharura. Nilibandika nyaya sakafuni zisimkwaze mtu. Wakaniita Mama Usalama, nami nilikuwa na miaka ishirini na sita, sina hata mtoto.

Kila mwisho wa mwezi nilijaza fomu ya ukaguzi. Ilikuwa na mistari kumi na mmoja, na wa saba uliuliza: ngazi imara ya kufikia rafu za juu, ipo au haipo? Nikishajaza, fomu ilikwenda kwa meneja aweke saini, ndipo iende makao makuu.

Machi kalamu yangu ilisimama kwenye mstari huo. Nikiandika haipo, meneja ataisoma kabla ya mtu mwingine yeyote, na atajua nani amemshtaki. Nikaweka alama ya vema kwenye ipo. Nilijiambia kwamba si uongo, ngazi ipo, ila iko Kiseke. Aprili kalamu ilisita kidogo tu. Mei haikusita. Juni niliijaza fomu nzima huku nakunywa chai na kumsikiliza Selina akisimulia harusi ya binamu yake.

Majalada ya zamani yalibaki juu, na watu waliendelea kuyahitaji. Tukajitungia utaratibu. Tulikuwa na kiti cha kuzunguka, chenye vijigurudumu vitano chini. Unakisukuma mpaka kwenye rafu, mmoja anapanda, mwingine anashika mgongo wa kiti na kuweka mguu mbele ya kigurudumu kisiondoke. Wanaume wapande, wanawake washike. Ukutani, juu kidogo ya mahali tulipokuwa tukikiweka, kulikuwa na bango nililolibandika kwa mkono wangu mwenyewe: KITI SI NGAZI.

*

Ilikuwa Jumanne ya kwanza ya Julai. Makao makuu walitaka jalada la miaka mitatu nyuma, na lilikuwa kwenye rafu ya juu kabisa. Wanaume walikuwa wametoka. Nilikuwa nimeshavua viatu, mguu mmoja juu ya kiti, Mzee Okomo alipoingia na barua za asubuhi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Weka mguu chini, mama. Umevaa sketi."

"Nimezoea, mzee wangu."

"Umezoea nini? Mimi niko hapa, halafu binti apande juu ya kiti, mtu akiingia amtazame kutoka chini? Mimi nitakuwa nimekaa hapa kama nani? Sika kiti."

Alikuwa mtu wa Rorya, upande wa Shirati, na tangu nimfahamu alisema sika, hakuwahi kusema shika. Alikuwa amebakiza miezi mitano astaafu. Alivaa kaunda suti ya kahawia iliyopigwa pasi kila siku, na Jumamosi hukumpata kwa lolote, alikuwa kanisani. Miaka sita niliyokaa pale hakuwahi kuniita kwa jina. Niliingia nikiwa mama, nikabaki mama.

Alivua viatu, akapanda. Nilishika mgongo wa kiti kwa mikono miwili, nikaweka mguu mbele ya kigurudumu. Macho yangu yalikuwa usawa wa vifundo vyake. Soksi ya kushoto ilikuwa imetiwa kiraka kisigino, kwa mishono midogo iliyopangwa sawasawa. Nikajua ni kazi ya Perez, binti yake, fundi cherehani.

"Hili jalada limeota mizizi," alisema huko juu, akivuta. "La lini hili? Perez alikuwa bado hata uzi hajui kuutia kwenye sindano."

"Teodora!" meneja aliita kutoka ofisini kwake.

Kwetu Sengerema mtoto akiitwa na mkubwa haitikii pale alipo. Anakwenda mpaka aonekane, ndipo anaitika. Mama yangu alinifundisha hivyo kwa fimbo, na fimbo ile ilifundisha mwili. Mikono ilikiachia kiti kabla sijafikiri. Nilipiga hatua tatu mpaka mlangoni.

"Abee, bosi."

Nyuma yangu Mzee Okomo alikuwa bado anaongea na mimi. Kisha nikasikia vijigurudumu vinakwenda. Kisha kishindo kwenye kabati la chuma.

Meneja alikuwa anataka kujua kama barua ya bandarini imefika.

*

Aliishi mpaka Ijumaa, bila kufumbua macho.

Ngazi ilirudi Jumanne ile ile jioni. Sikuona nani aliileta. Asubuhi yake niliikuta imeegemezwa kwenye rafu, ina matone ya rangi ya bluu kila kipandio. Selina aliitazama, akafungua mdomo kama mtu anayetaka kutania, halafu akakimbilia chooni, nikamsikia analia.

Hospitalini Perez alikuwa amekaa kwenye benchi la korido, ameshika viatu vya baba yake mapajani. Tulifahamiana. Alikuwa akipita ofisini mara mojamoja na chakula cha mzee, na nguo zangu nyingi ni yeye aliyezishona.

"Nani alikuwa naye?" aliuliza.

"Teodora," Selina alijibu kabla yangu. "Ndiye alikuwa amemshikia kiti."

Perez alisimama, akanikumbatia. Viatu vya mzee vilinibana kifuani.

"Asante, dada Teo. Asante kwa kumshika baba. Nilikuwa nafikiri alikuwa peke yake. Usiku kucha nimekuwa nafikiri hivyo, kwamba alianguka, hana mtu."

Pale ndipo nilipopaswa kusema. Ilikuwa sentensi moja. Nilimshika na mimi.

Mzee alizikwa kwao, Jumapili. Tulikwenda kwa basi dogo lililokodishwa na ofisi, meneja akiwa kiti cha mbele, hakugeuka nyuma njia nzima. Walisoma wasifu wa marehemu. Kaka yake Perez, Gidion, ndiye aliyesoma, na karatasi ilikuwa imeandikwa na Perez. Alizaliwa wapi, alisoma wapi, alifanya kazi miaka mingapi. Halafu: "Alianguka akiwa kazini, akiwa ameshikwa na mwenzake." Watu wakageuka kunitazama. Mama mmoja mtu mzima alinisogelea, akanishika kiganja kwa mikono yake yote miwili, akasema maneno ya Kijaluo ambayo sikuyaelewa, na sikuthubutu kuomba nitafsiriwe.

*

Jumatano iliyofuata meneja aliniita. Nilikwenda mpaka mlangoni, nikaitika.

"Funga mlango. Kaa."

Alikuwa hajanyoa. Mbele yake zilipangwa nakala za fomu zangu nne, Machi mpaka Juni.

"Kesho anakuja mkaguzi wa usalama kazini," alisema. "Atataka maelezo yako, wewe ndiye shahidi. Umeshafikiria utaandika nini?"

"Nitaandika kilichotokea, bosi."

"Kilichotokea ni nini?"

Macho yangu yalikwenda kwenye fomu.

"Mimi nitakwambia. Ofisi ina ngazi. Ile pale. Ofisi ina bango, ukutani. Mzee aliiacha ngazi, akapanda kiti. Basi."

"Bosi, ngazi ilikuwa Kiseke."

"Fomu zinasemaje?" Alizisukuma kuelekea kwangu, polepole. "Hii vema ni ya nani? Na hii? Saini hii ni ya nani, Teodora?"

"Ni yangu."

"Mimi niliamini mtu wangu wa usalama. Ameniambia ngazi ipo, nikaweka saini." Halafu sauti ikamkatika. Alivua miwani, akajifuta macho kwa kiganja, na sikudhani anaigiza. "Kwa nini hukuniambia? Mtu mmoja tu angeniambia, bosi, ile ngazi. Ningeirudisha siku hiyo hiyo. Mlikuwa mnaogopa nini? Nang'ata?"

Alirudisha miwani usoni.

"Mzee Okomo ameshakwenda," alisema. "Karatasi haiwezi kumuumiza. Wewe bado una maisha, binti yangu. Ukisema ngazi haikuwepo, utakuwa umesema kwamba ulidanganya mara nne. Nani atakuajiri tena hapa mjini?"

Niliondoka nikaenda kukaa masjala. Nililiona jambo lote wazi, kama mtu anayesoma jalada kutoka ukurasa wa kwanza. Kama ngazi ilikuwepo, basi Mzee Okomo aliiacha kwa ukaidi wake. Ndivyo atakavyoandikwa, na ndivyo atakavyosomwa na kila atakayefungua karatasi hizo, na wanawe wakiwemo: mzee asiyesikia, aliyejiua kwa uzembe. Mtu aliyepanda kwa sababu hakutaka mimi niaibike. Na ili asiandikwe hivyo, ilikuwa lazima niandikwe mimi.

Mkaguzi aliitwa Nestory. Alikuwa kijana mpole, mwenye mafua, na alimwomba meneja atuache. Aliipima rafu, akakipiga picha kiti, akaipiga picha ngazi. Akagusa tone moja la bluu kwa ukucha.

"Ofisi hii haina ukuta wa bluu," alisema, kana kwamba anaongea peke yake.

"Haina."

Akanipa karatasi. Niliandika kurasa mbili. Niliandika ngazi iliondoka lini na ilirudi lini. Niliandika kwamba fomu zangu nne ni za uongo na kwamba hakuna aliyenilazimisha. Niliandika utaratibu wetu, wanaume wapande, wanawake washike. Nilipofika mahali pa kiti, kalamu ilisimama. Nestory alipenga kamasi, akatazama dirishani, akasubiri. Nikaandika: Niliitwa. Nikaachia kiti. Nikaenda kuitika.

Aliisoma yote akiwa amesimama.

"Hili la kuachia kiti," alisema, "hakuna aliyeliona ila wewe."

"Najua."

"Familia inajua?"

"Bado."

"Watapewa nakala, dada. Wana haki hiyo. Nenda mapema."

Meneja alikuwa koridoni nilipotoka. Alinitazama tu, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Umefurahi?" Kufikia saa tisa alasiri nilikuwa na barua ya kusimamishwa kazi, na Selina alinibebea mkoba mpaka chini, akanipa na kitambaa chake.

*

Perez alishonea barazani, Buzuruga, nyuma ya stendi. Shule zilikuwa zimefunguliwa na sare zilikuwa zimerundikana pembeni yake, sketi za bluu na mashati meupe. Aliponiona alisimamisha cherehani.

"Dada Teo! Mbona hukupiga simu? Ningekuandalia kitu. Ingia, ingia, umekonda wewe."

Alinipa stuli. Aliingia ndani, akarudi na sahani ya ugali na sato wa kuchemsha, akaniletea maji ya kunawa. Nilinawa. Alikaa mbele yangu akijipepea kwa kipande cha kitambaa, na nikaona ana furaha kuniona, furaha ile ya mtu aliyefiwa anapomwona mtu wa mwisho kumgusa mtu wake.

"Kula. Gidion ameondoka jana. Amesema nikusalimie sana. Amesema wewe sasa ni wa nyumbani."

"Perez," nilisema, "mimi sikumshika baba."

Alicheka kidogo, kwa kutoelewa. "Unasemaje?"

"Nilimshika. Halafu meneja akaniita, nikamwachia nikaenda mlangoni. Kiti kikaondoka. Nilikuwa nimempa mgongo. Sikumwona anavyoanguka, nilisikia tu."

Kile kitambaa kiliacha kupepea.

Nikamwambia na mengine. Ngazi ya Kiseke, tulivyoifanyia utani, fomu nne, vema nne. Kwamba mzee alipanda kwa sababu nilivaa sketi. Kwamba ofisi ilitaka kumwandika mkaidi na nimekataa. Niliposema hilo la mwisho nilijisikia vibaya, ilikuwa kama naomba kitu.

Ng'ambo ya barabara mpiga debe alikuwa anamtania mwenzake kwa sababu ya viatu vyake, watu wanacheka.

"Nimekushukuru," alisema Perez hatimaye. "Hospitali. Nimekushukuru na msibani, mbele ya ukoo. Nimeandika kwenye wasifu wa baba yangu. Na wewe ulikuwa umekaa pale unasikiliza."

"Ndiyo."

"Umenawa mikono kwangu, dada."

"Ndiyo, Perez."

"Alijua?"

"Alijua nini?"

"Kwamba umeachia. Aliona, au alidhani bado umeshika?"

Ningeweza kumpa jibu jingine. Ningeweza kusema alinitazama, alijua, ili awe na mtu wa kumchukia vizuri na baba asiwe amedanganywa. Au ningesema sijui. Lakini nilikuwa nimeshachoka na kuweka vema mahali pasipostahili.

"Hakujua," nilisema. "Alikuwa bado anaongea na mimi."

"Alikuwa anasema nini?"

"Alisema jalada limeota mizizi. Akakutaja wewe. Alisema wakati jalada lile linafunguliwa ulikuwa bado hata uzi hujui kuutia kwenye sindano."

Perez alitoa sauti ambayo sikujua ni kicheko au nini. Akainama, akafunika uso kwa shati jeupe lililokuwa mapajani, shati la mtoto wa watu, na mabega yake yakaanza kutikisika. Nilinyoosha mkono. Aliusikia ukija, nadhani, kwa sababu alisogea.

"Mwongo," alisema ndani ya shati, na si mimi aliyekuwa akimwambia, ni baba yake. "Nilikuwa najua. Nilijua tangu darasa la tatu. Mwongo huyu."

Alilia hivyo, nami nilikaa na mikono yangu mapajani. Ugali ulikuwa umeanza kushika ngozi juu. Baadaye alijifuta uso, akaichukua sahani yangu, akaipeleka ndani bila haraka. Aliporudi alibaki amesimama mlangoni.

"Umefanya vizuri kuandika," alisema. "Hilo nakwambia ukweli. Baba hakuwa mkaidi. Lakini sasa nenda nyumbani. Na usije tena. Siku nikiweza kukuona, mimi mwenyewe nitakutafuta."

"Sawa, Perez."

"Usije mpaka nikutafute, dada Teo."

Ripoti ilitoka Septemba. Ilisema ngazi haikuwepo, ilisema na ilikuwa wapi, na ilisema marehemu hakuwa na kosa. Nakala ilimfikia Perez, Selina ndiye aliyempelekea. Anasema Perez aliisoma palepale, sentensi kwa sentensi, akaikunja mara nne, akaiweka ndani ya Biblia ya mzee, akashukuru. Nilimuuliza Selina kama aliniulizia. Selina hana tabia ya kuficha, lakini siku hiyo aliangalia pembeni.

Namba yangu sijaibadilisha. Nimehamia Nyegezi, kwenye kibanda cha kutoa nakala cha shangazi yangu, na ninafanya kazi simu ikiwa mezani, kioo kikiwa juu. Sasa ni Desemba, na simu haijaita.